SOMO: Barua za Afisi Zisikae kwa Mtu Mmoja
Namna ya kutengeneza folda za pamoja katika baruapepe

Katika somo hili tutashughulika na jambo ambalo wengi hudhani ni la wataalamu wa kompyuta peke yao, yaani kutengeneza folda za pamoja katika baruapepe ya afisi. Tafadhali usiruke ukurasa. Ikiwa wewe ni karani wa basari, katibu wa kikundi cha akina mama, mwalimu, au msimamizi wa kituo cha watoto hapa Kware, Pipeline, Tassia au kule Mukuru, somo hili ni lako. Ukijua kufungua barua na kuijibu, unajua vya kutosha kuanza.

Kwanza tuangalie hali ilivyo. Afisi nyingi ndogo za mtaani zilipata baruapepe kwa njia moja: mtu aliyekuwa na simu nzuri alifungua akaunti kwa jina lake mwenyewe, na hiyo ikawa anwani ya afisi. Ikachapishwa kwenye letahedi. Ikapelekwa kwa wafadhili, kwa shule, kwa chifu na kwa afisi ya watoto. Miaka ikapita. Sasa barua za basari, za kesi za watoto, za kodi ya chumba cha afisi, pamoja na picha za harusi ya binamu yake, zote ziko katika sanduku moja la mtu mmoja. Siku akiugua, afisi haioni kitu.

Tuchukue kisa cha afisi moja ya upande huu wa Eastlands, jina tuliache. Afisi hiyo ilikuwa ikiwatafutia watoto kadhaa karo. Mwanzoni mwa mwaka mfadhili mmoja aliandika: nitumieni barua ya kuitwa shuleni ya msichana fulani katika muda wa siku kumi, la sivyo pesa hizi zitaenda kwa mwingine. Barua ilifika salama. Ilifika kwa dada ambaye alikuwa kwenye likizo ya uzazi, yuko ushago na mtoto mchanga, mahali ambapo kupata mtandao ni kupanda mlima. Wenzake afisini walikaa wakingoja jibu la mfadhili, na mfadhili naye akangoja lao. Walipokuja kujua ilikuwa wiki ya tatu. Msichana yule alikaa nyumbani muhula mzima akiosha vyombo kwenye kibanda cha chakula cha mama yake. Katika afisi hiyo hakukuwa na mvivu wala mwizi. Kulikuwa na sanduku moja na ufunguo mmoja.

Sasa watu wakishaona hasara kama hiyo hufanya nini? Wengi hukimbilia njia mbili.

Njia ya kwanza ni kupeana neno la siri. Linaandikwa kwenye karatasi na kubandikwa kando ya kompyuta, ama linatumwa kwa simu kwa watu watano. Hakuna mtu hapa Kware ambaye angempa jirani PIN yake ya M-Pesa, hata jirani mwema, lakini neno la siri la afisi tunalitangaza kama habari ya mazishi. Ubaya wake ni huu: watu watano wakiingia kwa jina moja, huwezi kujua ni nani aliyejibu, ni nani aliyefuta, na ni nani aliyeahidi pesa ambazo afisi haina. Mmoja akiacha kazi kwa hasira, anaweza kubadilisha neno hilo na kuwafungia nje nyote wanne. Isitoshe, siku hizi kampuni za baruapepe huuliza namba ya uhakikisho inayotumwa kwa simu. Simu ni ya nani? Ni ya yule aliyefungua akaunti, na leo yuko kwenye matatu akielekea Kitengela, hashiki.

Njia ya pili ni kutumiana nakala. Barua ikija kwa mmoja, anaituma kwa wenzake. Hii ni afadhali kidogo, lakini mnaijua vizuri ilivyo.

“Sista, umeiona ile barua ya shule?”

“Nilimtumia Mwalimu juzi.”

“Mwalimu anasema hajaipata.”

“Basi itakuwa kwa Mama Basari. Hebu mpigie.”

Nakala sita za barua moja, na hakuna anayejua kama imejibiwa. Ama imejibiwa mara mbili, kila mmoja na jibu lake, na mfadhili kule ng’ambo anashangaa hawa ni watu wa namna gani.

Folda ya pamoja ni kitu tofauti. Fikiria kabati la mafaili la zamani, lile la chuma lenye droo nne. Kabati ni moja. Kila mfanyakazi ana ufunguo wake, na si kila ufunguo unafungua kila droo. Barua ni ile ile moja. Ukiitoa na kuandika juu yake “nimejibu, tarehe 4”, anayekuja baada yako anaona. Kompyuta inafanya hivyo hivyo. Kila mtu anaingia kwa jina lake na neno lake la siri, kisha anafika kwenye sanduku ambalo ni la wote.

Jambo hili la watu wengi kutumia chombo kimoja si geni Nairobi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla intaneti kamili haijafika Kenya (ilianza kupatikana mwaka 1995), mashirika ya hapa mjini yalikuwa yakipeleka barua zao kupitia kompyuta ya kituo kilichoitwa Environment Liaison Centre International, kwa mtandao wa FidoNet. Barua zilikusanywa pamoja, halafu kompyuta ikapiga simu, zikaenda kwa furushi moja hadi London, na furushi jingine likarudi. Wachache walikuwa na kompyuta yao wenyewe. Ilibidi watu wakubaliane nani anasoma nini. Kwa hiyo vijana wanaocheka wakisikia tunapanga zamu za kusoma barua, wajue wakubwa wao walipanga zamu hizo hata kabla ya simu za mkononi.

Kuna neno moja la ufundi ambalo ni lazima tulipitie, kwa sababu limeziumiza afisi nyingi. Baruapepe huletwa kwenye kompyuta kwa njia mbili kuu. Moja inaitwa POP, ilianza mwaka 1984. Nyingine ni IMAP, ambayo Mark Crispin wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani aliibuni mwaka 1986. POP ni kama mtu anayeenda posta, anafungua sanduku, anabeba barua zote nyumbani. Mara nyingi huwa haachi nakala. Anayekuja baadaye anakuta sanduku tupu. IMAP inaacha barua kule kule kwenye seva, na kila kompyuta au simu inachungulia sanduku lile lile. Ikiwa afisini kwenu mashine moja ina barua na nyingine haina, uliza kwanza kama mliwekewa POP. Kijana wa saiba aliyewatengenezea miaka kumi iliyopita huenda aliiweka hivyo ili kuokoa bando. Bila kuiondoa, hakuna folda ya pamoja itakayofaa kitu.

Sasa, kabla hujagusa kompyuta, chukua karatasi. Hapa ndipo pana kazi yenyewe, na hapa ndipo sitaki tuharakishe.

Andika aina za barua zinazoingia afisini kwenu. Tuseme afisi ni ya watu wanne: msimamizi, karani wa basari, mfanyakazi wa jamii anayeshughulikia kesi, na dada wa mapokezi. Tena kuna wajitoleaji sita au saba wanaokuja siku za Jumanne na Alhamisi. Barua zitakuwa za basari na karo, za vikundi vya akiba, za mikutano na chifu na wazee wa mtaa, za hesabu na wafadhili, na za kesi: mtoto aliyedhulumiwa, mama aliyepigwa, mgonjwa anayetumia dawa. Kando ya kila aina andika majina mawili matatu: nani lazima aone, nani anaweza kujibu, na nani hapaswi kuona kabisa.

Hapo kwenye “hapaswi kuona” watu huona haya. Tunapenda kusema sisi ni familia moja, hatufichani. Lakini wewe unajua Kware. Mjitoleaji wetu anaishi kwenye ploti, orofa ya tatu. Mama aliyekuja kulia afisini anaishi orofa ya pili. Mtu anayeshukiwa kumdhulumu mtoto huenda ndiye mwenye duka pale chini, ambapo wote wananunua unga. Wanachota maji kwenye mfereji mmoja na wanaanika nguo kwenye kamba moja. Mjitoleaji akiisoma barua ya kesi hata bila nia mbaya, macho yake yatamsaliti kesho yake kwenye ngazi. Mama atajua kwamba anajulikana. Atahama usiku, ama ataondoa kesi, na mtoto atabaki na yule yule. Nimeona kesi zikifa hivyo. Katika mtaa wa kitajiri ambapo mtu hajui jina la jirani, siri ikitoka huenda ikapotea hewani. Hapa kwetu inapanda ngazi.

Na si desturi njema peke yake inayodai hivyo, ni sheria. Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, iliyoanza kutumika tarehe 25 Novemba mwaka huo, inataja habari ambazo ni nyeti zaidi: hali ya afya, imani, kabila na asili ya mtu, hali ya ndoa, na hata majina ya watoto wake, wazazi wake, mume au mke wake. Soma orodha hiyo tena halafu fungua fomu yoyote ya basari. Fomu yote ni habari nyeti! Habari za mtoto zinahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mwenyewe, afisi inatakiwa kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72 baada ya kujua. Msidhani wanaobanwa ni mabenki tu. Mwezi wa Septemba 2023 Kamishna aliitoza shule moja ya Uthiru, hapa hapa Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Afisi ndogo inaweza kuwa haimo kati ya zile zinazolazimika kujiandikisha, lakini bado inabanwa na sheria yenyewe.

Kwa hiyo, barua za kesi ziwe na sanduku lao peke yake, lisilochanganywa na la basari. Watu wawili wanatosha: mfanyakazi wa jamii na msimamizi. Wawili, si mmoja, kwa sababu ya yale ya likizo ya uzazi tuliyoyasema hapo juu. Na si wanne.

Karatasi ikishakamilika tuingie kwenye kompyuta. Nitaeleza njia mbili ambazo afisi nyingi za hapa zinaweza kuzipata.

Kama mnatumia Gmail ya bure. Fungua akaunti mpya ya afisi, kwa jina la kazi na si jina la mtu. Anwani iseme basari, au kesi, pamoja na jina la afisi. Akaunti ya mtu binafsi ibaki ya mtu binafsi. Namba ya simu ya kurudishia akaunti iwe laini ya afisi, ile inayolala ndani ya kabati, wala isiwe laini ya mfanyakazi. Washa uhakikisho wa hatua mbili. Google itakupa pia namba kumi za akiba za kutumia siku ambayo simu haipo. Zichapishe, zitie kwenye bahasha, ifunge kwa gundi, uiweke pamoja na sanduku la pesa. Neno la siri lenyewe lijulikane na msimamizi na mtu mmoja wa kamati, basi.

Halafu wenzako wataingiaje? Ingia katika akaunti hiyo ukiwa kwenye kompyuta, nenda kwenye mipangilio, fungua mipangilio yote, kisha ukurasa wa akaunti. Utaona mstari wa kuruhusu mtu mwingine aingie kwenye akaunti yako. (Gmail ina Kiswahili pia, ukitaka kuibadilisha, binafsi naona menyu zake za Kiingereza watu wamezizoea zaidi.) Andika hapo anwani ya Gmail ya mfanyakazi. Yeye atapata ujumbe, na ni lazima akubali kabla ya wiki moja kwisha, la sivyo mwaliko unakufa. Msiogope msipoona mabadiliko papo hapo, inaweza kuchukua hadi siku nzima. Baada ya hapo, akiwa kwenye Gmail yake mwenyewe, atabonyeza picha yake pale juu kulia na kuliona sanduku la basari. Anaweza kusoma, kujibu na kufuta. Hawezi kubadilisha neno la siri. Akaunti ya bure inakubali watu kumi wa namna hiyo, na kwa afisi ya watu wanne hiyo ni nyingi.

Lakini elewa mpaka wa njia hii. Gmail haikuruhusu kumpa mtu folda moja peke yake. Ukimruhusu, ameona yote. Ndiyo maana nimesema akaunti mbili, ya basari na ya kesi. Ndani ya akaunti ya basari unaweza kutengeneza lebo, ambazo ndizo folda za Gmail: Imeingia, Inangoja barua ya shule, Imelipwa, Imefungwa. Hizo ni za kupanga kazi. Za kulinda siri siyo hizo.

Shirika lenu likiwa limesajiliwa, ulizeni kuhusu mpango wa Google wa mashirika yasiyo ya kibiashara, ambao uko Kenya. Wanaokubaliwa hupewa huduma ya afisi bila malipo, na anwani zenye jina la shirika. Inachukua muda na karatasi. Hata hivyo, mfadhili akiona anwani yenye jina la shirika anakuchukulia tofauti, tusidanganyane.

Kama mko chini ya shirika kubwa linalotumia Outlook na Microsoft Exchange. Hapa mna nguvu zaidi. Unaweza kugawa folda moja moja. Folda za watu wote zilianza na Exchange ya kwanza mwaka 1996, na bado ziko katika afisi nyingi kubwa. Siku hizi, hata hivyo, mtaalamu wenu huenda akapendelea kuwatengenezea sanduku la pamoja, ambalo katika Microsoft 365 halihitaji leseni yake ikiwa halizidi gigabaiti 50, mradi kila anayeingia ana leseni yake mwenyewe. Mwombeni hilo kwanza. Ni kazi ya dakika chache kwake.

Ukitaka kugawa folda iliyo ndani ya sanduku lako mwenyewe, bonyeza juu ya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua sifa zake, kisha ukurasa wa ruhusa. Ongeza jina la mwenzako na umchagulie daraja. Yako madaraja mengi, lakini kwa kazi zetu matatu yanatosha. Wa kwanza anasoma tu. Wa pili anasoma na kuongeza vyake, lakini hawezi kugusa vya wengine. Wa tatu anasoma, anabadilisha na kufuta chochote. Dada wa mapokezi anayetaka kujua kama barua ya shule imefika, mpe la kwanza. Karani wa basari mpe la tatu. Kuna mstari mmoja ambao haumhusu mtu yeyote kwa jina, ni wa kila mtu katika shirika. Uangalie vizuri uwe haumpi mtu kitu, kwa maana ukiuacha wazi umewafungulia hata watu wa makao makuu ambao hujawahi kuwaona.

Sasa kosa ambalo hufanya watu waape kwamba kompyuta imerogwa. Umempa mwenzako ruhusa ya folda ya Basari, lakini akifungua haioni. Sababu ni kwamba folda iko ndani ya sanduku, na sanduku lenyewe hukumwonyesha. Ni kama kumpa mtu ufunguo wa chumba huku geti la ploti limefungwa. Rudi kwenye jina la sanduku lenyewe, juu kabisa ya orodha, fungua ruhusa zake, na umpe ruhusa ndogo sana ya kuona kwamba folda ipo, bila kusoma kilichomo. Kama folda iko ndani ya folda nyingine, fanya hivyo kwa kila ngazi. Halafu yeye aende kwenye mipangilio ya akaunti yake na kuliongeza sanduku lako. Jambo la pili: ukimpa mtu ruhusa ya folda leo, folda ndogo zilizokuwemo tangu zamani hazipati ruhusa hiyo. Zitakazotengenezwa baadaye ndizo zinazorithi. Kwa hiyo panga folda kubwa na ruhusa zake kwanza, halafu ndipo utengeneze ndogo ndani yake. Ukianza kinyume utashinda hapo hadi stima ipotee.

Mkishamaliza, jaribuni. Usiamini kwa sababu skrini imesema sawa. Tuma barua ya majaribio kwa anwani ya basari kutoka kwa simu ya mtu wa nje. Kila mmoja aifungue kwenye kompyuta yake. Kisha dada wa mapokezi ajaribu kuifuta. Akifaulu, daraja lake mmelikosea. Kisha mjitoleaji, mbele yenu, ajaribu kuingia kwenye sanduku la kesi. Asipoweza, vizuri, na yeye mwenyewe atafurahi. Nimewasikia wajitoleaji wakisema wazi wazi, “Afadhali nisijue, ili nikiulizwa niseme sijui, na iwe kweli.”

Yamebaki mambo ya kila siku, na hayo hayatengenezwi na mashine.

Katika sanduku la pamoja, mmoja akifungua barua, kwa wengine nayo inaonekana imesomwa. Zile herufi nzito zinapotea. Kwa hiyo karani akichungulia barua Jumamosi kwenye simu yake halafu akaendelea na mambo yake, Jumatatu kila mtu anadhani imeshughulikiwa. (Zile folda za zamani za Exchange zilikuwa na akili hapa: zilimwekea kila mtu alama yake.) Kubalianeni kwamba “imesomwa” haina maana yoyote afisini kwenu. Barua inaondoka kwenye kikasha pale tu ilipojibiwa, na inaingizwa kwenye folda yake na aliyejibu. Inayongoja ibaki kikashani, hata ikikaa mwezi, iwaudhi wote.

Majibu nayo yanajificha. Ukijibu kwa jina la sanduku la pamoja la Microsoft 365, nakala ya jibu kwa kawaida inaingia katika folda ya zilizotumwa ya kwako wewe, si ya sanduku la pamoja. Wenzako wanaona swali bila jibu, na mmoja mwema anajibu tena. Mwambieni mtaalamu abadilishe mpangilio huo ili nakala ibaki na ya pamoja pia. Msisahau kutia jina lako mwisho wa barua. Mfadhili anapenda kujua anaongea na mtu gani, na msimamizi vile vile.

Kuhusu kufuta, mimi ningesema asifute mtu. Gmail hushika zilizofutwa kwa siku 30, Exchange kwa kawaida siku 14, halafu zinaenda kabisa. Nafasi si tatizo. Akaunti ya bure ya Google ina gigabaiti 15, na barua za maneno matupu hazijazi hata kidogo. Zinazojaza ni picha na video. Mwanakamati anayetuma video ya mkutano wa nusu saa aambiwe kwa upole. Lakini kesi ikifungwa kabisa, sheria haitaki muendelee kushika habari za watu bila sababu. Hapo msimamizi akae chini mara moja kwa mwaka na kuamua, kwa maandishi, ni zipi zinaondoka.

Simu ni mlango wa nyuma. Mkishapanga kila kitu vizuri kwenye kompyuta, mfanyakazi anaweka sanduku la kesi kwenye simu yake isiyo na namba ya kufungulia, ambayo jioni watoto wanachezea michezo, na ambayo inaweza kunyakuliwa dirishani mwa matatu pale Outering. Sanduku la kesi lisomwe afisini. Ikibidi kabisa liwe kwenye simu, simu hiyo ifungwe kwa namba, na barua zikiingia maneno yasijitokeze juu ya kioo.

Mtu akiacha kazi, jina lake litolewe siku hiyo hiyo, kabla ya chai ya kumuaga. Tuwe wakweli, kwetu hilo huonekana kama kumfukuza. Ndiyo sababu liandikwe mapema katika kanuni za afisi kwamba kila anayeondoka hutolewa, awe Sista, awe mwenyekiti, awe nani. Likiwa la wote halimdhalilishi mtu. Na kila miezi mitatu, soma orodha ya wenye ruhusa kwa sauti katika mkutano wa wafanyakazi. Mara nyingi utakuta jina la mwanafunzi aliyekuja kufanya mazoezi miaka miwili iliyopita.

Wako watakaosema, “Sisi tunatumia faili za karatasi, zimetosha.” Karatasi ni nzuri na mimi bado ninazo. Lakini mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalipoingia katika nyumba na afisi za watu kule Mukuru, hayakuchagua faili ya nani. Barua iliyo kwenye seva hailowi maji.

Gharama? Kwa njia ya Gmail ni bando tu, pamoja na laini ya afisi. Muda ni alasiri moja ya kuandika karatasi, na asubuhi moja ya kompyuta. Msifanye yote mawili siku moja, mtachoka mruke ile ya karatasi.

MASWALI YA KUJADILIANA AFISINI
Kaeni pamoja, muda wa saa moja, mkiwa na karatasi kubwa na kalamu.

Ni barua gani muhimu iliyofika afisini kwenu mwaka huu, na imekaa kwa nani sasa hivi? Je, mwenzake anaweza kuifungua leo bila kumpigia simu?

Kati ya watu wanaojua neno la siri la baruapepe yenu, ni wangapi bado wanafanya kazi hapo?

Chukueni kesi moja iliyofungwa, bila kutaja jina. Mjitoleaji anayeishi ploti moja na mhusika angeweza kuiona barua yake? Kwa njia gani?

Nani atakayefungua sanduku la basari wiki ambayo karani hayupo? Andikeni jina lake na tarehe atakayoanza kujifunza.